Sogongera

Harufu ya javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo na kuua vijidudu, haijawahi kupita puani mwangu bila kuniudhi. Wengine ikiwapitia hukumbuka hospitali, wengine hukumbuka shati jeupe la komunyo. Mimi namkumbuka Zawadi.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana mtu akianza kuandika tu, mnaweza kudhani ni mmoja wa wale waliokalia madawati mpaka suruali zikaisha. Mimi shule niliiacha darasa la nne. Leo nina magari yanayopanda kutoka ziwani mpaka Kigali yamejaa samaki kwenye barafu. Nina nyumba ya ghorofa ambayo paa lake unaliona ukiwa umesimama Goma. Vijana wenye diploma wananiita Patron na kunishikia mlango. Yote hayo niliyatafuta kwa mikono hii, hakuna aliyenipa kitu. Kwa hiyo nikisema kuna msichana mmoja mwembamba wa shingo ndefu ambaye sijamshinda mpaka leo, mjue si jambo jepesi kulitamka.

Kolera ilikuja na mvua. Tulikuwa hatujakaa sana tangu kurudi Rwanda, sisi watu wa Masisi na Goma, na tulipanga Gisenyi, mtaa ulio juu kidogo ya Petite Barrière, kile kivuko kidogo cha mpaka wa kwenda Goma, karibu kiasi kwamba asubuhi ulisikia wachukuzi wakigombea mizigo kabla hujafumbua macho. Mama yangu alikuwa mtu wa barrière. Alivuka na beseni la karoti na kabichi kichwani, akarudi na sabuni, mawese na habari. Baba alikuwa akijenga nyumba za watu mbali, tunamwona sikukuu. Basi ugonjwa uliposhika pande zote mbili, wakubwa walifunga njia kwa wenye mabeseni, na beseni la Mama likabaki limeegemezwa ukutani, kavu. Beseni lile lilinitisha kuliko watu waliopitishwa kwenye machela kuelekea kituo cha afya. Wale sikuwajua. Beseni nililijua.

Kila kona ikawekwa ndoo yenye bomba, ndani maji ya javeli, na huwezi kupita bila kunawa. Bwana afya, kijana wa mabuti ya plastiki, alizunguka akitoa amri: maji ya ziwa tusiyaguse, chakula kiliwe cha moto, kijiko kimoja kisiingie vinywa viwili, na wazee wasitoke. Wasiende sokoni, wasipange mstari wa maji, wakae ndani, kwa sababu mzee kolera haimpi nafasi. Sasa mzee asiyetoka na asiye na mtu atakula nini? Swali hilo aliachiwa nyumbakumi wetu, mkubwa wa zile nyumba kumi za upande wetu, fundi viatu mnene aliyetembea na nyundo yake mfukoni hata akienda kanisani.

Alikuja akasimama uani kwetu, mikono ikinuka javeli.

"Mama Fiston," alisema. Fiston ndiye mimi. "Wewe njo utamulisha Koko Veneranda. Chakula ya moto, yenye kufunikwa. Unaweka ku mulango, unarudi nyuma. Tunaelewana?"

"Nitamulisha na nini, chef? Barrière imefunga. Ata hawa watoto wanakula mara moja."

"Mama, ile muzee mukecuru akikufa na njaa hapa pembeni yako, tutaenda kusema ni kolera?"

Mama aligeukia ukuta. Aliangalia beseni.

Koko Veneranda alikuwa jirani yetu wa nyuma ya uzio wa miyenzi, minyaa ile yenye utomvu mweupe. Sisi tulimwita koko, kama tulivyoita kila bibi huko Congo, lakini hakuwa ndugu yetu. Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa mushanana, ile shuka ya heshima ya kufungwa begani, hata akilima, na katika nyumba ile yenye vyumba vingi alibaki peke yake. Kwa nini alibaki peke yake, sikuuliza. Miaka ile ya baada ya vita kulikuwa na maswali ambayo hata mtoto alijua kuyazunguka. Kiswahili alikisikia kidogo tu. Alizungumza Kinyarwanda cha ndani, cha watu wa zamani, na mimi niliyekulia Goma kati ya Kiswahili na vijineno vya Kifaransa, nilipata neno moja nikipoteza matatu.

Zawadi alipata yote. Hapo ndipo pa kuanzia.

Zawadi alikuwa binti wa mjomba wangu wa Goma. Alikuja kwetu kutembea, alete salamu na kitenge, halafu barrière ikafungwa naye akakwama. Alinizidi umri kidogo na urefu mwingi. Alikuwa amelelewa na bibi yetu Masisi, ndiyo maana Kinyarwanda chake kilikuwa na heshima zile za kizee, anainama kidogo, anashika mkono wa kulia kwa wa kushoto, na wanawake wanafurahi mpaka wanapiga makofi. Siku ile ile aliyofika, Mama alimpa upande wa ukutani kwenye mkeka wetu, ule ambao upepo haukufika. Ulikuwa upande wangu.

"Ni mugeni, Fiston," Mama alisema.

Mgeni! Barrière ilipofungwa aliendelea kuwa mgeni. Alikuwa mgeni akisonga ugali, mgeni akisuka nywele za Mama uani, mgeni akicheka naye mambo ambayo nikifika karibu yanakatika. Nilianza kutamani barrière ifunguliwe, si kwa ajili ya beseni, ni ili huyu mtu arudishwe kwao.

Chakula cha kwanza cha Koko alikipeleka Mama mwenyewe. Aliweka sahani mlangoni ikiwa imefunikwa, akabisha, akarudi nyuma kama alivyoelezwa. Kesho yake sahani ilikuwa pale pale, maharage yameganda, kuku wa watu wanaizunguka. Akapeleka nyingine. Ikabaki. Mama akafikiri kolera imemkamata, akamwita kwa sauti kutoka kwenye miyenzi, na Koko akajibu kutoka ndani kwa ukali, maneno mengi. Mama alirudi amebeba sahani.

"Amesema nini?" niliuliza.

"Amesema ni mbwa njo wanawekeaka chakula ku mulango na kukimbia."

Na hicho chakula kilichorudi, ndugu zangu, Mama alikimwaga. Kwa sababu ya kuku na nzi. Alikimwaga mbele ya macho yangu, mimi ambaye nilikuwa nalamba sufuria.

Ndipo Zawadi aliposema, "Shangazi, nipe mimi." Akachuma jani la mgomba, akaliosha kwa maji ya moto, akachukua kijiko chake mwenyewe mbali na kijiko cha Koko, akaenda. Alikaa huko kitambo. Aliporudi, sahani ilikuwa tupu, imefutwa. Mama alimshika uso kwa mikono miwili, mikono yenye javeli, akambusu kwenye paji. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mafiga. Uso wangu hakuna aliyeushika.

Tangu siku ile kazi ikawa ya Zawadi. Nyumbakumi akipita kuuliza, Mama alimjibu kwa majivuno: "Zawadi njo anamusogongeraka."

Neno hilo nililisikia vizuri. Nilijua maana yake, au nilidhani najua. Si "kusogea"? Kwamba wengine wote tulikatazwa kumkaribia Koko, tuishie kwenye uzio, lakini Zawadi yeye aliruhusiwa kusogea. Na nilikuwa na ushahidi. Kwenye miyenzi palikuwa na tundu, na katika tundu hilo nilimwona: Zawadi amekaa kwenye kizingiti cha Koko, miguu ameikunja kama malkia, Koko amekaa ndani hatua chache tu, na Koko anasema kwa sauti nyororo ambayo hajawahi kunipa mimi, "Sogongera, mwana." Halafu Zawadi anachota kwenye sahani ya Koko kwa kijiko chake, anaweka kwenye jani, anakula. Anakula! Polepole, mgongo umenyooka. Koko anamtazama. Ndipo Koko naye anaanza.

Sasa nielewe nini, mtoto mwenye njaa? Nilielewa kwamba Koko amempenda Zawadi mpaka anamgawia chakula chake, na kwamba Mama anajua na anakubali. Yule msichana alikula kwa Koko, akaja akala na sisi. Siku ambazo rafiki wa Mama alileta sambaza kutoka Nyamyumba, vile visamaki vya ziwa vilivyokaangwa vikakauka, Mama alivitia vyote kwenye sahani ya Koko kwa sababu mzee hana meno ya mahindi. Zawadi alirudi midomo inang'aa mafuta. Nilimsogelea nikamnusa mdomo.

"Unaninusa nini, kama paka?"

"Umekula sambaza."

"Kidogo tu."

"We ni mulafi. Kwetu mutoto hakulake kwa jirani."

Na hapo nilikuwa na haki. Sheria ya Mama ilikuwa moja, na alitufundisha kwa kiboko: ukienda kwa watu, wakikukaribisha chakula, unasema asante, nimeshiba. Hata kama tumbo linalia mpaka wanalisikia. Mtoto anayekula kwa majirani anaitangazia dunia kwamba kwao hakupikwi. Mimi sheria hiyo niliishika vizuri kuliko mtoto yeyote wa mtaa ule, muulize yeyote. Halafu mgeni anakuja, anaivunja kila siku mchana, na anapigiwa makofi.

Zawadi akicheka alikuwa anaficha meno kwa kiganja. Alifanya hivyo, akaniambia, "We, Fiston, ni wivu itakuua mbele ya kolera."

Niliuonea wivu hata ugonjwa wake. Maana aliugua. Siku moja aliamka amekunjamana, mara akakimbilia chooni, mara tena, na Mama akapiga yowe dogo ambalo sijui alilitoa wapi. Bwana afya alikuja na mabuti yake, akamkagua macho na ngozi, akasema kwa bahati si kali, anywe maji ya chumvi na sukari, alazwe peke yake, vyombo vyake visiguswe, akizidi tumteremshe kituoni. Mama alikaa pembeni yake akimnywesha kwa kijiko. Kisha akatuma mtoto wa jirani dukani, ikaja Fanta. Fanta ya machungwa, chupa nzima, itoke gesi halafu anyweshwe kidogo kidogo. Nilikuwa sijaonja Fanta tangu krismasi. Nilienda nyuma ya nyumba nikajaribu kutapika. Nilitia kidole mpaka machozi yakatoka, lakini tumbo lisilo na kitu halitoi kitu.

Nilikuwa bado nafuta machozi hayo Mama aliponiita. Alikuwa na sahani mkononi, imefunikwa, na harufu yake niliijua kabla hajasema. Sambaza na ugali wa muhogo.

"Fiston, leo ni wewe. Nawa vizuri. Chukua kijiko yako na jani. Usimuguse Koko, usiguse kijiko yake. Na usogongere muzuri, unasikia? Usirudie hapa bila kusogongera."

"Nasikia, Mama."

Nilisikia kabisa. Nisogee vizuri. Jamani, nani alikuwa kama mimi siku ile? Nilipita katikati ya mtaa badala ya kupitia tundu la uzio, ili watu wanione na sahani. Niliapa moyoni kwamba leo Koko ataona mtoto aliyelelewa. Ataona tofauti.

Alikuwa amekaa ndani ya mlango kwenye kigoda, mushanana umefungwa begani, kama mtu anayengojea misa. Niliweka sahani kizingitini, nikafunua. Mvuke ukanipanda usoni. Koko aliniangalia, akaangalia nyuma yangu.

"Zawadi?" aliuliza.

"Anaumwa, Koko."

Alitikisa kichwa. Kisha akasema lile neno. "Sogongera, mwana."

Nikasogea hatua moja.

Alikunja uso. "Sogongera."

Nikasogea tena. Nilikuwa sasa nimevuka kizingiti, na amri ya bwana afya nimeiacha nje.

"Yewe! Sogongera!" alisema kwa nguvu, akionyesha chini kwa kidole. Nikasogea mpaka magoti yangu yakakaribia yake, nikaona nywele nyeupe kidevuni mwake, nikasikia harufu ya moshi na siagi ya ng'ombe. Sikuwa na mahali pengine pa kusogea. Nilitabasamu. Nilikuwa karibu kuliko Zawadi alivyowahi kufika.

Koko alirudi nyuma na kigoda chake. Labda alifikiri nataka kumwibia. Kisha akajaribu Kiswahili chake kile cha kuokoteza: "Kula. Wewe. Kula kwanza," akanionyesha sahani.

Na hapa nawaapia, mate yalikuwa yamenijaa. Sambaza zilikuwa zinaniangalia na macho yao madogo. Lakini mimi si Zawadi. Nilinyoosha mgongo, nikaunganisha mikono, nikasema kwa sauti safi kama darasani:

"Asante, Koko. Mi nimeshiba."

Sijaona uso wa mtu ukifunga vile. Alinitazama, akatazama sahani, akaisukuma kwa ncha ya fimbo yake mpaka nje ya kizingiti. Akasema neno moja, nikalielewa bila msaada wa Zawadi: ondoa. Mlango ukafungwa na komeo likalia.

Nilirudi nyumbani na sahani nzima, kichwa juu. Nilifikiri amekataa kwa sababu hana njaa.

"Umesogongera?" Mama aliuliza kabla sijaiweka chini.

"Nilisogea mpaka nikamufikia kabisa."

"Ulifanya nini?"

"Akaniambia nikule. Nikasema nimeshiba. Kama ulivyonifundisha."

Mama aliweka mikono kichwani, akakaa chini pale pale kwenye matope. Alisema "Yesu" kwa Kinyarwanda na kwa Kifaransa. Hakunipiga. Angenipiga ningeelewa. Aliondoka mbio kwenda kwa Koko, nikamsikia akibembeleza mlango, akiapa, akisema ataonja yeye. Koko alimjibu kutoka ndani, na safari hii hata mimi nilishika maana: wewe umepika, wewe unajua upande gani wa sahani ni mzuri. Mtoto hajui kudanganya. Mtoto amekataa.

Kesho yake hakufungua. Kesho yake tena hakufungua, na moshi haukutoka kwake. Nyumbakumi alikuja na nyundo yake akitaka kuvunja komeo, Mama akamwambia ukivunja mlango wa mukecuru huyu, hatakula kitu cha mtu tena mpaka afe. Wakasimama uani kwetu wanaangalia ile nyumba yenye vyumba vingi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye beseni la Mama lililopinduliwa, na hakuna aliyeniangalia, hata kwa hasira.

Zawadi ndiye aliyeniita. Alikuwa amelala upande wangu wa ukutani, shingo yake ndefu imekuwa kama ya kifaranga, chupa ya Fanta pembeni imebaki nusu.

"Fiston. We mujinga kabisa."

"Ni wewe mujinga."

"Sikia. Kusogongera si kusogea. Ni kuonja. Ni ya pombe, mutu akikuletea pombe anakunywa kwanza yeye, uone hajaweka kitu. Koko anaitumia ata ku chakula. Mimi nilikuwa naonja ili aone sikufe."

Kila kitu nilichokiona katika tundu la miyenzi kilianza kujipindua: kukaa kwake kizingitini, jani, kutafuna polepole, Koko anayemtazama.

"Anaogopa chakula yetu?" niliuliza.

"Anaogopa watu," Zawadi alisema. Kisha akafumba macho, akaongeza, "Na ukionja, ubakishe. Si yako."

Hata akiwa karibu kufa alikuwa ananipa amri!

Nilimwomba Mama sahani. Alinitazama muda, halafu akaniwekea zile sambaza za mwisho, akaongeza maharage, akafunika. Nilinawa javeli mpaka vidole vikaungua. Safari hii nilipitia kwenye tundu.

Mlango umefungwa. Nilikaa kizingitini, nikatandika jani, nikafunua.

"Koko," niliita. "Nimekuja kusogongera."

Nikachota kijiko, nikakiweka kwenye jani, nikala. "Nimeonja, Koko!" Basi, ataona vipi kama mlango umefungwa? Ilibidi asikie. Nikachota kingine, nikatafuna kwa mdomo wazi, vile ambavyo nyumbani ningepigwa. Sambaza kavu inalia mdomoni kama majani ya eukaliptasi ukiyakanyaga. Nikachota kingine. Nisiwadanganye, hapo kati nilisahau kidogo kwa nini nilikuja. Nilikuwa na njaa ya siku zote zile, ya kila sambaza niliyoinusa kwenye mdomo wa Zawadi. Nikawa nalamba vidole kwa sauti. Nikawa naguna.

Nyuma ya ubao, karibu sana na sikio langu, sauti ikasema kwa Kinyarwanda nilichokielewa neno kwa neno:

"Nani huyo anamaliza chakula changu?"

Komeo likalia. Koko alisimama mlangoni akiwa ameshikilia fremu, amepungua, mushanana umemlegea, lakini macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye sahani, na nikayajua macho hayo. Ndiyo niliyokuwa nayo mimi kwenye tundu la miyenzi.

Nilitaka kuchota kingine. Akaipiga sahani kwa ncha ya fimbo, akaivuta kwake, akakaa kwenye kigoda, akachukua kijiko chake. Alikula bila kupumzika. Mafuta yalimtiririka kidevuni kwenye zile nywele nyeupe na hakuyafuta. Mimi nilikaa pale pale, sikusogea mbele wala nyuma.

Alipomaliza, aliinua kichwa. Nilisubiri sifa. Mtu ukifungua mlango ambao nyumbakumi na nyundo yake hakuufungua, unasubiri sifa.

"Zawadi," Koko alisema kwa kile Kiswahili chake, "anabakishaka mingi."

Zawadi alipona. Alipona na kazi akaichukua tena, hakuna aliyeniuliza, na Koko alipomwona alitoa ile sauti nyororo niliyoisikia kupitia uzio. Mvua ilikatika, ndoo zikaondolewa kona moja baada ya nyingine, barrière ikafunguka, na Zawadi akavuka kurudi kwao nyuma ya beseni la Mama. Shingoni alikuwa na ushanga mweupe wa Koko. Mimi nilibaki nikipeleka sahani, kwa sababu Koko alikuwa ameshazoea kulishwa. Nilipeleka mpaka nikaota ndevu. Kila siku nilionja, kila siku nilibakisha, na kila siku, kabla ya kijiko cha kwanza, aliniuliza Zawadi anarudi lini.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya ugonjwa huu mwingine wa juzi, ule wa barakoa. Ndoo za bomba zilirudi kwenye kona, na ile harufu. Wazee wakaambiwa tena wakae ndani. Safari hii si Mama wa beseni kavu aliyewalisha, ni mimi. Nilitoa gari, nikatoa mchele, maharage, mafuta na samaki, dereva akaacha mfuko kwenye kila mlango wa mzee, akabisha, akarudi nyuma. Mtaa mzima ulinisema vizuri. Na Mama yangu, ambaye ni mzee sasa na aliikataa ghorofa yangu, anakaa Nyamyumba karibu na maji, naye alipelekewa. Chakula kilichopikwa, cha moto, kwenye vyombo vizuri.

Dereva akanirudishia vyombo vimejaa.

"Patron," alisema akiangalia viatu vyake, "mama anasema yeye si mbwa."

Nilishika usukani mwenyewe. Nilimkuta kwenye baraza, amekaa kwenye kigoda wakati nilimnunulia viti vya ngozi. Nilinawa. Nilikaa kizingitini, suruali yangu ya bei kwenye saruji, nikafunua sahani, nikashusha barakoa, nikatoa kijiko changu mfukoni. Mama alinitazama na macho ambayo nilikuwa nimeyasahau.

"Sogongera," alisema.

Nikachota, nikala. Sambaza, na zilikuwa tamu, maana samaki wangu hawana mpinzani ziwa hili lote. Nikachota tena.

"Zawadi alikuwaka anakula polepole," Mama alisema. "Na alikuwa anabakisha."

Zawadi yupo Goma, ana watoto wakubwa, na kila Jumapili akipiga simu Mama anaipokea kabla haijalia mara ya pili. Mimi huwa napiga mpaka inakatika.

"Zawadi iko Goma, Mama," nilimwambia. "Na barrière imefungwa."

Nikachota kijiko cha tatu, kikubwa, nikatafuna kwa mdomo wazi, nikaguna. Mama akaivuta sahani kwake.